Anwani ya Kumpa Mama Mazu

Tangu asubuhi Yusheng alikuwa akimzungusha bibi yake katika jiji la Taipei kama mchuuzi anayenadi mali: tazama hiki, onja hiki. Alitaka jambo moja tu. Bibi huyu aliyemlea aiache nyumba ya shamba kule Chiayi, ambako paa linavuja na jirani wa mwisho amekwisha hama, aje waishi pamoja.

Alimpandisha mnara mrefu. "Mawingu hata kwetu yapo," bibi akasema, "na hayana kiingilio." Alimlisha tambi za chaza. Bibi akazimaliza, akalamba kijiko, akadai chumvi imezidi. Taa ilipogeuka kijani na pikipiki zikamiminika, alimkamata mjukuu mkono, eti mjukuu ndiye asije akagongwa.

"Bibi, sema basi. Utakuja, huji?"

"Hilo si langu. Twende kwa Mama Mazu."

Katika hekalu la mungu huyo wa kike, bibi alichukua vibao viwili vilivyochongwa kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja, tumbo upande wa pili. Kimoja kikionyesha bapa na kingine tumbo, mungu amekubali. Vyote vikionyesha bapa, anacheka. Alipiga magoti, akanong'ona jina lake na anwani ya Chiayi, kwa sababu Mama hamjibu mtu ambaye makazi yake hayajui. Akarusha.

Bapa, bapa. Akarusha tena. Bapa, bapa.

"Anakucheka. Umemuuliza nini?"

"Kama utanichoka."

Yusheng alipandwa na hasira. "Hilo ungeniuliza mimi!"

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukijilowesha nywele tu, unasema umeoga?"

"Na wewe ulinichoka, nilipokuwa nakukojolea kitandani?"

"Sana," bibi akasema. "Nikawa nafua shuka."

Akaviokota vibao, akavishika kifuani kwa muda.

"Kwako ni mtaa gani?"

"Wa nini, Bibi?"

"Namuuliza upya. Anataka anwani."

Yusheng aliitaja polepole: mtaa, kichochoro, ghorofa ya nne. Bibi akairudia kwa sauti hata wenye udi wakageuka, akajitaja na jina: Lim Siok-bi, mkazi wa hapo. Akarusha.

Kimoja bapa, kingine tumbo.

Bibi aliinama mara tatu kushukuru, kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

"Ghorofa ya nne," akanung'unika, "na magoti haya. Utanibeba."

"Nitakubeba."

"Inama basi, nikuone."