Jina Mahali pa Doa

Fundi Gu Heng alikuwa na kiburi kimoja tu, na hicho kimoja kilimtosha. Katika mtaa mzima wa wachonga jade, jiwe la thamani, pale Suzhou hakuna aliyemfikia kwa mkono, na hilo lilijulikana. Ila hakujua kusoma. Herufi alizozijua ni mbili, za jina lake, na alichokitamani maishani ni kusikia msomi wa kweli akizisoma.

Kwa hiyo Mwalimu Pan, msomi wa ng'ambo ya mfereji, alipomletea jiwe jeupe la mtoni, kubwa kama ngumi, amchongee kibakuli cha kuoshea brashi zake za kuandikia, Gu alijiambia bahati imebisha hodi.

"Chonga upendavyo, fundi," mzee alisema. "Ila hili doa jekundu la ubavuni, liache lilivyo."

Gu akaitikia. Kuitikia si kazi.

Miezi minne alikanyaga gurudumu lake la kusagia, mchanga mkali na maji vikilila jiwe taratibu. Kadiri weupe ulivyojitokeza, laini kama mafuta ya kondoo, ndivyo doa lile lilivyozidi kumkera.

"Baba Lin, mwenyewe kasema usiliguse," mkewe alimkumbusha.

"Wasomi wanajua wino. Jiwe nalijua mimi. Akiuona weupe mtupu atanishukuru."

"Haya. Sikio la kufa hilo."

Akalisaga doa likaisha. Pale pale lilipokuwa, akachonga jina lake.

Mwalimu Pan alikipokea kibakuli kwa mikono miwili. Akakigeuza, akakigeuza tena, kidole gumba kikitafuta kitu ubavuni. Kisha kikatulia.

"Lile doa, fundi?"

"Nimekuondolea, Mwalimu. Sasa hakina ila."

Mzee hakukiondoa kidole pale. "Jiwe hili aliliokota marehemu mke wangu. Kila nilipokwenda kwenye mitihani ya serikali alibaki nalo mkononi, anasugua hapo penye doa mpaka nirudi. Nilifeli mara saba, fundi. Mara zote saba alisugua. Nilitaka nikiosha brashi niguse alipogusa yeye."

Maisha yake yote Gu aliwadharau mafundi wanaopaka mawe rangi ili kuwalaghai wanunuzi, lakini sasa alijisikia akisema, "Nitalirudisha, Mwalimu. Kuna dawa za rangi. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Basi angalau nilifute hili jina."

"Usage tena? Kitabaki nini? Acha." Mzee alikisogeza kibakuli kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti, bila haraka: "Gu Heng. Herufi zimekaa vizuri. Mkono wako ni mwepesi."

Hakuwa na kejeli hata chembe. Gu aliona afadhali angemtukana. Mzee akakifunga kibakuli katika kitambaa, akainama kuaga, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Gu hakutia tena jina kwenye kazi yoyote, na wateja walipouliza sababu alijifanya hasikii kwa kelele za gurudumu. Majuto hayakumwacha. Kila asubuhi, wasomi wanapoosha brashi, alijua kwamba ng'ambo ya mfereji kuna mzee anapapasa ubavu wa kibakuli akimtafuta mkewe, na anayemkuta hapo ni Gu Heng.