Kitabu Kilichonyooshwa

Kurasa mia moja na kumi na mbili. Nilizitoboa kwa mkono wangu, nukta moja baada ya nyingine, nyumbani kwangu Kawajense, miezi mitano. Sikulipwa wala sikuomba malipo. Nimestaafu ualimu, macho yangu bado mazima, na Lucia Machibya wa darasa la saba haoni. Hakuwa na kitabu cha Sayansi cha nukta nundu, cha kusoma kwa vidole, na mtihani wa taifa ulikuwa Septemba.

Nilipomaliza ukurasa wa kwanza alikuja kuukagua. Aliupapasa mara nne mpaka akaukariri. "Bibi, nukta zako zina hasira," akanitania.

Kitabu kilipokamilika nikampelekea mwalimu mkuu, Bartolomeo. Hapo ndipo nilipokosea. Ningempa mtoto mwenyewe mkononi. Bartolomeo alitaka hafla, mgeni rasmi na picha. Akakigeuzageuza.

"Mwalimu Pudensiana, mbona kimevimba hivi?"

"Ndivyo kinavyokuwa. Hivyo vinundu ndiyo herufi."

Akaitikia kwa kichwa. Mtu huyu huitikia kila kitu.

Siku ya hafla nilikikuta chembamba, kimevikwa jalada la bluu. Bartolomeo akanieleza kwa fahari kwamba alikilaza stoo siku tatu, chini ya magunia manne ya mahindi ya uji wa shule. "Kimenyooka kama cha dukani!"

Kabla sijasema neno, mgeni rasmi alishakifungua katikati, kwenye somo la mzunguko wa damu, akamwekea Lucia mapajani. "Haya, soma binti."

Vidole vya Lucia vikapita mstari wa kwanza, vikarudi, vikapita tena. Kisha akainua uso. "Mimea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua..." Akaendelea bila kukwama. Ulikuwa ukurasa wa kwanza, neno kwa neno.

Watu wakapiga makofi. Mama yake akalia kwa furaha. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga makofi.

Baada ya soda nikamwambia Bartolomeo kwamba ameua kitabu, nukta zote zimelala.

"Nyie wazee bwana! Si amesoma mbele ya watu wote?" Akakifungia kwenye kabati la vioo ofisini, pamoja na vikombe vya mpira.

Lucia alikuwa ananisubiri nje.

"Kwa nini hukusema, mjukuu wangu?"

"Mama katembea toka Kakese aje anisikie nasoma."

Nilitaka kumwambia nitatoboa kingine, lakini ukurasa mmoja hunichukua siku nzima, na zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani. Miaka saba mtoto huyu amesomewa na watu, akisubiri nani ana muda. Alishapiga hesabu kabla yangu.

"Basi utanisomea tu kwa mdomo, Bibi," akasema. "Ukipata nafasi."