Video ya Mwalimu Makokha

Nimechoka, na sitaki kuambiwa pole. Tangu magaidi wamuue rafiki yangu, mwalimu Makokha, huko kaskazini na kumrekodi akiomba aachwe, hatujapumzika. Mimi nikiwa mtaa wa Tuwan hapa Kitale, na mdogo wake Mukhisa akiwa Bungoma, tunaisaka video hiyo mtandaoni. Tunavamia chaneli zao, tunazijaza takataka, tunaripoti akaunti mpaka zinafungwa. Tunachotaka ni kimoja tu: Joy, binti wa Makokha anayeishi na nyanya yake huko Bungoma, asione baba yake alivyokufa.

Jumatatu tuliangusha chaneli yao kubwa kabisa. Mukhisa akanipigia akicheka.

"Imekufa, bana! Hata wenyewe hawaingii."

Jioni nikamkuta Mama jikoni, simu ameiegemeza kwa mkebe wa majani chai, akiitazama video ile ile huku akifuta machozi.

"Mama, hiyo umetoa wapi?"

"Kwa group yetu ya maombi ya kanisa. Nimetumia hata wale wa maombi wa Bungoma, watu wajue hawa ni washenzi."

"Wewe ndio unawasaidia sasa! Hiyo ndio wanataka!"

"Ati nasaidia magaidi? Mimi, Wangui, mwenye nafunga kila Ijumaa?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimnyang'anya simu nikafuta, lakini huko kulikuwa kutwanga maji kinuni, wenzake walishaisambaza. Chaneli ya magaidi naijua pa kuishika. Wamama wa kanisa nitawashika wapi, na wanafanya kwa upendo? Nilitamani kuipigiza ile simu ukutani.

Kesho yake Mukhisa alipiga tena. Hakucheka.

"Joy ameiona. Alikuwa anacheza na simu ya nyanya yake, ikaingia kutoka kwa group ya maombi. Sasa anauliza mbona Baba alikuwa anamwita kwa hiyo video na hatukumwambia."

Mama, aliyekuwa kando yangu, alisikia kila neno. Aliketi chini, akashika kichwa, kisha akachukua simu yake na kuwaandikia wenzake wamwombee Joy, mtoto wa watu ameona video ya baba yake. Nilisimama nyuma yake nikisoma.

Jibu la kwanza liliingia papo hapo, kutoka kwa mke wa mchungaji:

"Woi, maskini! Ni video gani hiyo? Nitumie nione."