Karatasi Zote Zikusanywe Kwanza

Mwalimu alimjua daktari wake tangu akiwa mtoto wa kaptura. Alimfundisha baiolojia, akamsahihishia mtihani wa mwisho wa mwaka, akampa arobaini na moja kwa mia. Swali la moyo lilimshinda kabisa: aliuchora kama kiazi, na mishipa akaisahau yote. Sasa kijana yule yule, ndevu zimemjaa na koti jeupe limemkaa, alikuwa ameketi mbele yake akimweleza kwamba ana saratani ya titi.

"Tumeiwahi, Mwalimu," alisema. "Uvimbe bado mdogo. Hatuna haja ya kuondoa titi zima. Tunatoa uvimbe wenyewe na nyama kidogo ya pembeni, halafu unapigwa mionzi wiki chache. Ila tusikae. Tufanye mwezi huu huu."

Mwalimu alilitaka titi lake. Lilikuwa lake, limenyonyesha watoto wawili, na hakuona kwa nini aombe radhi kwa kulitaka. Kuishi pia alitaka. Lakini kuyakabidhi yote mawili kwa Arobaini na Moja, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Niandikie," alisema. "Tiba yako, faida zake, hasara zake, na ushahidi. Ukurasa mmoja. Mwandiko usomeke."

Daktari aliandika. Mtu mzima, wagonjwa kumi na wanane wamepanga foleni mlangoni, aliinama akaandika.

Mwalimu hakuishia hapo, maana haki ni haki. Nyumbani aliwakusanya jamaa zake na kuwatangazia kwamba kila mwenye tiba mbadala ailete kwa maandishi, kwa masharti yale yale. Wengine hucheka mambo kama haya wakitoka nje. Hawa walicheka mle mle ndani, kisha wakaenda kutafuta kalamu.

Mdogo wake, aliyekuwa akiuza juisi ya mizizi kwa chupa, alileta kurasa saba na picha yake mwenyewe akitabasamu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Shemeji yake, fundi wa majokofu, aliandika kwamba saratani hula sukari, kwa hiyo aache sukari nayo itakufa njaa. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya vijiko vinne huku akiisoma kwa sauti.

Kifungua mimba wake, aliyefanya kazi mji mwingine, alipiga simu. Alikuwa ameona mtandaoni hospitali ya ng'ambo inayougandisha uvimbe kwa sindano ya baridi kali. Hakuna kisu wala mshono, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

"Ushahidi?" aliuliza Mwalimu.

"Nimewaandikia, mama. Wanasema bado wanachunguza inamfaa nani. Nasubiri wanijibu."

"Basi tutasubiri."

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu hakuwahi kusahihisha karatasi hata moja kabla zote hazijakusanywa. Ukianza na moja, alisema, utawapima wengine kwa huyo, na huo si uadilifu. Kwa hiyo karatasi ya daktari ililala mezani chini ya kopo la chumvi, ikisubiri wenzake. Wiki ya tatu ilipita. Mdogo wake akaomba muda wa kuongeza kurasa mbili, akapewa. Shemeji naye akaomba, ikabidi apewe, wasije wakasema kuna upendeleo.

Muuguzi alipiga simu mara ya kwanza, akapiga mara ya pili.

"Mwambie daktari matokeo bado," alisema Mwalimu.

Binti yake, kitinda mimba aliyekuwa akiishi naye, ndiye pekee ambaye hakuandika kitu. "Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema akiosha vyombo. "Karatasi ya daktari ipo hapo. Isome."

"Siwezi kumwonea kakako."

"Kaka haumwi!"

Mwalimu alimwambia asiinue sauti. Kisha akaingia chumbani, akakaa kitandani, akajishika titi.

Jibu la ng'ambo lilifika wiki ya kumi: tiba ile ni kwa uvimbe mdogo tu, na kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa. Siku hiyo hiyo Mwalimu alivaa miwani akasahihisha. Juisi ilipata kumi na mbili, kwa sababu ya mwandiko. Sukari ilipata tano. Sindano ya baridi ilipata hamsini na tano: wazo zuri, ushahidi haujakamilika, haipatikani hapa kwetu. Mwisho akaivuta karatasi ya daktari. Aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Faida ziliandikwa, hasara ziliandikwa bila kufichwa, hata sababu ya mionzi ilielezwa kwa mistari minne safi. Akaandika themanini na nane, na kwa kweli alijivunia, kana kwamba kazi ile ameifanya yeye.

Alimpelekea mwenyewe, binti yake akimsindikiza. Daktari alipoiona ile alama alicheka kama mtoto. Kisha akamlaza kitandani, akampaka ule ute wa baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya titi na kwapani. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Uvimbe umekua, Mwalimu," alisema, akamsomea namba ya kipimo.

"Kipimo kimoja si kipimo," alisema Mwalimu. "Rudia."

Akarudia. Akasoma namba ile ile.

"Rudia tena."

Daktari alirudia tena, polepole sana, na safari hii hakuisoma. Alimgeuzia kioo cha mashine ajionee mwenyewe. Mwalimu aliitazama ile namba. Hakuwahi maishani mwake kuomba mwanafunzi awe amekosea, lakini pale aliomba, kwa moyo wake wote.

"Bado tunaweza kukuponya," alisema daktari. "Kwapani, ambako saratani hii huanza kusambaa, hatuoni kitu, na hiyo ni habari njema. Ila kukata uvimbe peke yake, nafasi hiyo imetupita. Itabidi titi lote liondoke."

Binti yake alimshika mkono.

"Niliogopa," alisema Mwalimu. "Nyinyi wote nimewaandikisha bure. Niliogopa tu."

"Najua, Mwalimu." Daktari alifungua kitabu cha miadi. "Kuna nafasi Alhamisi hii, na nyingine Jumatatu ijayo. Kama ungependa kwenda kutafakari kidogo nyumbani—"

"Alhamisi," alisema Mwalimu, akijifuta ute kifuani. "Na tafadhali, mwanangu, usinipe muda wa kufikiri."