Picha Isiyo na Miguu

Polycarp wa Kibosho, dereva wa hoteli moja ya watalii kule juu ukingoni mwa kreta, alimjua mama mkwe wake kwa miguu. Msicheke kwanza. Tangu amwoe Lusia wa Rhotia alishika adabu aliyofundishwa, kwamba mkwe haangaliwi usoni. Mama Cresensia akiingia, Polycarp aliinama. Mama akisema neno, Polycarp alijibu sakafu. Kwa hiyo kitu alichokijua kuliko mtu yeyote Karatu ni viatu vya yule mama: raba nyeusi, ya kushoto imeshonwa ubavuni kwa uzi mwekundu, na mbele ina tundu ambalo kidole gumba kilipenda kuchungulia. Ungempangia miguu ya wanawake wote wa Rhotia foleni, angemtoa mkwewe bila kukosea. Sura alisikia tu kwamba ipo.

Mwaka huo wa themanini na mbili mpaka wa Kenya ulikuwa bado umefungwa, watalii wachache, na filamu ya kamera haipatikani hata kwa kupiga magoti. Nzima iliyombakia ilikuwa moja tu, ya mwisho kati ya zile alizoachiwa na mtalii Mjerumani pamoja na kamera iliyochubuka ambayo mwenyewe alichoka kuibeba. Wageni walipiga picha simba. Polycarp simba aliwaona kila siku, wamelala tu, hawana habari na mtu. Yeye alipenda watu, na si watu wa kusimama wima mikono ubavuni, pembeni redio ya kuazima, kama Karatu nzima ilivyoamini kwamba picha ndivyo ilivyo. Aliwataka wakiwa wamejisahau: fundi cherehani akipiga mwayo, au abiria wa basi la Mbulu wakilisukuma kwenye tope huku konda amekaa ndani akiwahimiza. Mbinu aliipata kazini. Unazima injini, unanyamaza, unasubiri mnyama akusahau.

Picha zikirudi kutoka Arusha alizibandika ukutani kwa Clemensi, mwenye mgahawa wa chai pale stendi, na mji ukaja kucheka. Aliyechekwa alinuna siku nzima, alitishia kwenda kwa balozi wa nyumba kumi, halafu jioni alirudi kwa mlango wa nyuma kuomba nakala.

Siku ya mnada Polycarp alitumwa kabichi za jikoni. Akaegesha Landrova kando ya magunia ya maharage, akazima injini, akatoa kamera. Hapo mbele Naipanoi, mama wa Kimasai anayeuza ugoro uliosagwa na magadi, alikuwa amekaa na mwanamke mmoja mtu mzima chini ya mwavuli mweusi. Yule mwanamke akachukua ugoro kwa vidole viwili, akavuta puani, akafumba macho. Akapiga chafya iliyomshtua mbuzi. Kisha akacheka, mdomo wote wazi, machozi yanamtoka, mkono mmoja umeshika bega la Naipanoi ili asianguke.

Polycarp akafyatua. Alijua papo hapo kwamba hajawahi kupata picha kama ile. Yule mwanamke alisikia mlio, akageuka, akaiona Landrova. Akainuka haraka na kukunja mwavuli. Ndipo Polycarp aliposhusha kamera na macho, akaona raba nyeusi. Ya kushoto ilikuwa na uzi mwekundu.

Mama Cresensia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa Rhotia, na sheria ya ugoro aliitunga yeye mwenyewe: atakayekutwa nao atabeba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa mpaka yaishe. Wanawake kadhaa walikwishabeba. Wengine shingo zilikuwa bado zinawauma.

Nyumbani alimwambia mkewe. Lusia aliweka mwiko chini.

"Mama yangu havuti ugoro," alisema. "Na kama anavuta, sitaki kujua. Ila nikiiona hiyo picha kwa Clemensi, mimi na mtoto tunapanda Rhotia. Utabaki hapa unapikiwa na kamera."

Hakuwa anatania. Polycarp alimjua Lusia kwa sura, na sura ile haikuwa na utani.

Kesho yake raba zikaingia mlangoni. Mama Cresensia alikuja kumsalimia mjukuu, na alikuja na mfuko wa nguo, maana yake haondoki karibuni. Polycarp alimwamkia, akaitikiwa vizuri, kila mtu akakaa kwenye kigoda chake. Kwa kuwa mkwe na mkwe hawarushiani maneno hovyo, mazungumzo yalipita kwa Lusia, ingawa walikuwa wamekaa karibu kiasi cha kupokezana chumvi.

"Lusia, mwulize mwenzio, zile picha za mnadani zitaonekana lini?"

"Mwambie mama, mpaka filamu ipelekwe Arusha ikasafishwe."

"Ikasafishwe," mama alirudia polepole. "Kumbe ni chafu."

Polycarp hakudanganyika. Mama huyu huyu ndiye aliyeibeba filamu ya harusi yao hadi Arusha, akambana fundi picha aisafishe siku ile ile, na akakaa mlangoni kwake mpaka picha zikatoka. Kusafisha filamu alikujua kuliko mapadri wote wa Rhotia. Alipomwuliza Lusia, kama kwa bahati tu, mwenzio huiweka wapi hiyo filamu, na Lusia akajibu kwamba hukaa mfuko wa koti, Polycarp aliona shimo linavyochimbwa.

Alikuwa na filamu nyingine kuukuu, iliyoungua kwa mwanga siku alipofungua kamera juani kwa ujinga. Akaitia hiyo kwenye koti, akalitundika koti mahali pa kuonekana. Ile nzima akaiviringisha ndani ya soksi na kuisukuma chini ya kiti cha Landrova. Kisha akaenda kazini akipiga mluzi.

Aliporudi alasiri aliikuta ile ya koti kwenye kamba ya nguo, katikati ya nepi za mtoto, imebanwa juu, inaning'inia mpaka karibu na majani na kudondosha maji. Mama Cresensia alikuwa ameketi kando yake na beseni lenye povu.

"Lusia, mwambie mwenzio nimemwokolea nauli. Nimeisafisha mwenyewe. Imetakata mpaka inapitisha jua."

Kicheko kilimpanda Polycarp hadi kooni. Akakimeza, akainamisha kichwa kama mfiwa. "Mwambie mama ahsante sana. Arusha wasingeifikisha hapa."

Lakini macho yake, kwa kuwa yalikuwa chini kama kawaida, yaliona kilichobaki ndani ya beseni. Kilikuwa kichembe cha mwisho cha sabuni. Mwaka huo sabuni ilikuwa hadithi, watu walifulia majivu, na Rhotia nzima kipande kilikuwa kimoja, kile cha vitambaa vya altare alichokabidhiwa mwenyekiti. Mama wa watu alikuwa amekimaliza kwenye filamu tupu. Kicheko kikamwisha. Alimhurumia, akajionea aibu, na bado picha yake aliitaka.

Mama akaaga asubuhi, mwepesi, mfuko begani. Baada ya muda hoteli ikamtuma Polycarp Arusha kuchukua unga, na fundi picha akampa bahasha. Aliifungulia ndani ya gari.

Mwanamke wa ugoro alikuwa anacheka. Pua ilikuwa ya Lusia. Kishimo cha shavu kilikuwa cha mwanawe, kile anachokibusu kila siku bila kujua kimetoka wapi. Polycarp aliishika picha kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo alikuwa akikipokea nyumbani kicheko hiki huku anaangalia raba. Alimpenda mama mkwe wake pale pale, ndani ya gari la unga, akaona kama amechelewa sana.

Kwa Clemensi watu walikwishajaa. Akabandika moja, akabandika nyingine, wakacheka mpaka chai ikamwagika. Clemensi akaona kona nyeupe inachungulia mfuko wa shati.

"Na hiyo?"

Mkono ulimwasha. Aliwaona jinsi ambavyo wangeanguka chini, jinsi ambavyo wangemwita bingwa. Wangeicheka mpaka mavuno.

"Imeungua," alisema Polycarp, na akafunga kifungo cha mfuko.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda Rhotia na Lusia. Walipokwisha kula alitoa picha ndani ya bahasha, akampa mkewe. Lusia akaitazama, akaziba mdomo kwa kanga, akampa mama yake. Polycarp akashusha macho kwenye raba na kusubiri. Raba hazikutikisika. Hata kidole gumba kilijificha.

"Lusia," sauti ya mama ilikuwa kavu, "zipo ngapi hizi?"

"Mwambie mama ni hiyo moja. Na filamu yenyewe iko ndani ya bahasha, nayo namwachia."

"Mwulize mwenzio, huyu mwanamke ni nani?"

"Mwambie mama simjui. Nilimkuta mnadani."

"Hamjui?"

Lusia alifungua mdomo apeleke jibu, lakini Polycarp alimtangulia. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, ukiacha salamu, alimjibu mkwewe moja kwa moja, macho yakiwa bado chini.

"Picha haina miguu, mama. Ningemjuaje?"

Mtoto akaacha kugonga sahani. Polycarp akaona kidole gumba kinatoka polepole kwenye tundu lake. Halafu raba ya kushoto ikaanza kutikisika, uzi mwekundu na yote, ya kulia ikaifuata, na visigino vikawa vinagonga sakafu. Hakuinua kichwa. Hakuhitaji, maana sasa alijua huko juu kuna nini.

"Lusia," mama alisema, na maneno yalimtoka vipande vipande kwa kicheko, "mwambie mwenzio akimwona tena huyo mama amsalimie sana. Na ile sabuni ya kanisa niliyoimalizia filamu tupu, mwambie ailipe yeye."

Polycarp akazidi kuinama, akaicheka sakafu.