Koti la Mwaka 1948

Majira yote ya baridi Ruggero Cordeschi alishinda akitunga historia ya kampuni ya suti aliyorithi. Eti babu yake, Donato, alijifungia chumbani hapa mjini kwetu, mkoani Abruzzo, Italia, mwaka 1948, akakata na kushona suti ya kwanza kwa mikono yake.

Donato! Muuza nyumbu! Suti ile ilikatwa na mama yangu, Filomena, juu ya meza yetu ya chakula. Donato aliipeleka Roma, akarudi na oda na jina.

Mimi nimeshona vitundu vya vifungo katika kiwanda chao miaka arobaini, kwa hiyo nilialikwa kwenye sherehe. Koti walilodai ni la suti ile ya kwanza lilikuwa ndani ya kabati la kioo, wanunuzi wa Milano wamelizunguka na glasi zao za divai.

"Bi Assunta, hebu njoo mbele," Ruggero akaniita, meno yote nje. "Waambie wageni, unalikumbuka koti la babu?"

"Nifungulie kabati, nilishike."

"Aa, bibi, hilo haliguswi."

"Basi silikumbuki. Mimi koti nalijua kwa vidole."

Wageni wakacheka, ikabidi alitoe. Nikalifinya kifuani. Koti lililoshonwa kwa mkono, nguo ya juu huteleza juu ya kitambaa cha ndani. Hili lilikakamaa kama boksi la viatu.

"Limebandikwa gundi hili."

"Ni... ni ufundi wa zamani."

"Zamani gani? Gundi imeingia hapa mwaka sabini na moja. Tuligoma siku hiyo kuikataa, babu yako akatufungia geti. Leo unaniletea gundi ya mwaka arobaini na nane?"

Panfilo, mkata vitambaa mstaafu wa kiwanda, naye akainamia kola. "Umelitoa wapi, kijana? Mitumbani Pescara?"

Ruggero aliiva masikio. Akaninong'oneza, "Unaniaibisha mbele ya wateja, bibi."

"Sijakuaibisha. Umejiaibisha mwenyewe, tena kwa kitu ambacho hata hukijui."

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nilimwona mama ameinama mezani, pini mdomoni, na huyu bwege hakujali hata kutafuta koti la uongo lililoshonwa vizuri.

Koti liliondolewa jioni ileile. Kitabu cha historia yake kikachapishwa vilevile, karatasi nzito, picha ya Donato ameshika mkasi kama mtu aliyeshika samaki. Mama alipata mstari mmoja: "wanawake kadhaa wa mtaani walisaidia." Jina, hakuna.

Nikaenda maktaba ya mji, nikaomba nakala yao, nikaketi dirishani. Kila palipoandikwa kwamba Donato alikata, nikafuta jina kwa kalamu ya wino, nikaandika: Filomena Di Berardo.

Mkutubi akanikuta nikiwa katikati. Alisimama nyuma yangu akasoma. Kisha akaenda kwenye rafu, akaniletea nakala ya pili.