Kukana ni Paundi Ishirini

Barua ilisema Noreen Cutforth ameiba filamu mtandaoni, na kwamba akitaka kukana, kukana ni paundi ishirini.

Hakuwa ameiba. Filamu yenyewe hakuwahi hata kuisikia. Alikuwa na simu ya kuongea na binti yake aliyeko Australia, na kile kisanduku cha intaneti dirishani, ambacho marehemu mumewe, Trevor, hakukiwekea neno la siri. Mtaa wao wa Grimsby, Uingereza, haukufunga milango ya nyuma. Trevor aliona aibu kuwafungia majirani mtandao.

Alipomaliza kusoma alisema, "Siyo mimi." Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akajaribu "hapana". Kimya. Akasema "chai", ikasikika vizuri. Akaenda kuchemsha chai.

Dukani, alikoenda kujaza umeme wa mita, Sivanesan, mwenye duka, alimwuliza kama anataka mfuko. Noreen akafumbua mdomo, hakikutoka kitu.

"Umepata barua," Sivanesan akasema.

"Nimepata."

"Na hujalipa."

Alitaka kutikisa kichwa, kichwa nacho kikagoma.

"Lipa, dada. Jirani yako Glenys hajalipa ya kwake, sasa ana mbwa watatu. Kila anayemwuliza kama anataka mbwa, anamwachia."

Noreen alikuwa na noti moja ya ishirini, na ilikuwa Januari, baridi kali. Akaiweka kwenye umeme. Mfuko akatozwa.

Jumatatu, kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi, sanduku la minofu lilipotea. Msimamizi, Craig Leaning, akapita kwa wanawake wa zamu, akiuliza mmoja mmoja.

"Mimi?" Pauline alisema. "Nikale samaki nyumbani tena? Paka wangu mwenyewe ananikimbia kwa harufu hii."

Wakacheka. Ikafika zamu ya Noreen.

"Noreen, ni wewe?"

Midomo ilicheza.

"Sema tu hapana, mama, turudi kazini."

Alisema. Hakuna aliyesikia.

"Ana barua huyo," Pauline akasema. "Hajalipia."

"Barua naijua," Craig akasema. "Hata mimi nilipata. Nililipa."

Akasubiri kidogo, kwa heshima. Kisha akamwomba avue aproni.

Noreen alilipa kwa mshahara wake wa mwisho. Sauti ilirudi asubuhi, akiwa anaosha kikombe. Alivaa koti, akaenda hadi lango la kiwanda, akamwambia Craig, "Hapana. Siyo mimi niliyechukua."

"Nimekusikia vizuri, mama," Craig akasema. "Ila nafasi imeshapata mtu."

Mwezi wa tano ofisi iliyotuma ile barua iliandika kwamba kweli hakuiba filamu, ikamrudishia paundi zake ishirini. Siku hiyohiyo ilikuja barua nyingine, ya filamu nyingine. Noreen akajaribu sauti. Ilikuwa imeshakwenda.

Jioni Glenys aligonga mlango wa nyuma, ambao siku hizi unafungwa.

"Shoga, nimesikia umepata ya pili," alisema, kamba mkononi. "Huyu halii usiku. Unamtaka?"

Paundi ishirini zilikwenda na zikarudi, kwa hiyo hizo hazihesabiwi. Zinazohesabiwa ni hizi: kazi ya miaka kumi na tisa, umeme wa kupashia nyumba joto Februari na Machi, jina lake, ambalo kiwandani bado linatajwa kila sanduku likipungua, na mbwa mmoja.